Je, Wajua? Pikipiki ndogo, pesa kidogo, mlima mrefu

Je, wajua kwamba pikipiki inayotoa nguvu za farasi 10 bandarini Dar es Salaam hufika Bukavu ikiwa imebaki na 8 na nusu hivi? Hakuna aliyeichokonoa njiani. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Bukavu tumejenga kando yake, juu zaidi, kilima kwa kilima. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini inayovuta hewa nyepesi hupata nguvu kidogo kila inapochoma petroli. Mafundi hukadiria kwamba kila ukipanda mita 300 unapoteza asilimia 3. Piga hesabu: Bukavu inakula karibu asilimia 15 kabla hata abiria hajakaa. Basi anayetafuta pikipiki ya bei nafuu ili airekebishe apendavyo aanze na swali la mlima. Rangi na stika zitasubiri.

Je, wajua kwamba kabureta haina habari kuwa imehamia mlimani? Inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha pwani, hewa haitoshi kuichoma yote, na plagi inageuka nyeusi. Ukinunua pikipiki iliyozoea Dar es Salaam au Mombasa, fungua plagi baada ya siku chache: kahawia hafifu ni afya, masizi makavu ni petroli iliyozidi. Dawa yake ni jeti yenye tundu dogo zaidi, kipande cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole. Kwenye kabureta za aina ya Keihin namba iliyochongwa juu ya jeti huonyesha upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 95 ni milimita 0.95.

Sasa tazama mkono wa fundi wa kando ya barabara. Jeti imeziba. Anachuna uzi mmoja wa waya wa breki, anauchomeka tunduni, anauvuta mbele na nyuma, anapuliza, anarudisha, injini inawaka, wote mnacheka. Lakini shaba ni laini na ule waya ni wa chuma. Mchezo huo ukirudiwa miezi kadhaa, 95 inakuwa 98 huku namba iliyochongwa ikibaki ile ile, nawe unaanza kulaumu bei ya petroli. Jeti husafishwa kwa petroli na pumzi. Ikishindikana, nunua nyingine, haitakufilisi.

Pikipiki za injeksheni hujirekebisha zenyewe kwa vihisio. Ni nzuri sana, ila kabla ya kuinunua uliza ni nani mjini ana kifaa cha kusoma vihisio hivyo vikigoma.

Je, wajua kwamba skuta maarufu kuliko zote duniani ilibuniwa na mtu asiyependa pikipiki? Corradino D'Ascanio alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, Italia, kilikuwa kimelipuliwa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1946 D'Ascanio akaipa kampuni hiyo Vespa: injini ya cc 98 iliyofichwa kando ya gurudumu la nyuma, hakuna mnyororo wa kuchafua suruali, na gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, mtindo wa magurudumu ya ndege, ili pancha isimchukulie mtu asubuhi nzima. Zanzibar waliipenda na bado wanaipenda. Wana haki: vichochoro ni vyembamba, na Unguja nzima haina kilima kinachofika mita 150.

Kwetu, ipeleke skuta yenye magurudumu ya inchi 10 kwenye barabara ya Panzi wakati wa mvua, halafu uje utuambie. Gurudumu dogo huingia shimoni mzima mzima. La inchi 17, lililo kwenye pikipiki nyingi za kubeba abiria, hupita juu ya shimo lile lile likigusa kingo tu.

Je, wajua kwamba skuta nyingi za kisasa hazina gia za kubadilisha? Zina mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana, na ndani ya puli ya mbele mnakaa vizito vidogo vya mviringo. Ukiweka vizito vyepesi zaidi, injini huzunguka kwa kasi zaidi kabla ya mkanda kupanda, na kilimani inavuta vizuri. Ni marekebisho ya bei ndogo ambayo faida yake unaiona siku hiyo hiyo. Tatizo liko kwenye kuteremka. Skuta ya namna hii ikipunguza mwendo sana, klachi yake huachia, injini haikushikilii tena, unabaki na breki peke yake. Ukitoka Kadutu kwenda chini mjini huku mvua inanyesha na mama mwenye mzigo amekaa nyuma, hapo ndipo utaelewa kwa nini wamotari wetu hawazitaki.

Je, wajua kwamba skuta za cc 50 za Ulaya hufungwa makusudi kiwandani zisipite kilomita 45 kwa saa? Ni sheria ya kwao. Mara nyingi kinachozizuia ni kipete cha chuma ndani ya puli, na kukitoa ni kazi ya dakika chache. Ukiikuta moja kwenye kontena usifurahi haraka: hata ikifunguliwa, cc 50 ni cc 50, na watu wawili kwenye mpando wa Bagira watashuka wasukume.

Je, wajua pia kwamba kuna njia ya katikati? Honda Super Cub ya mwaka 1958 ina sakafu wazi ya kupitisha mguu, haina klachi ya mkono, lakini ina magurudumu makubwa na gia za kweli. Inasimuliwa kwamba Soichiro Honda alitaka muuza tambi aweze kuiendesha kwa mkono mmoja huku wa pili umebeba sinia. Kufikia 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100, na hakuna chombo kingine cha injini kilichofikia idadi hiyo. Ukipata ya ukoo huo, au nakala yake ya Kichina iliyo nzima, usiidharau kwa umbo lake la kike. Inapanda.

Je, wajua kwamba injini iliyomo katika nakala nyingi za Kichina ilibuniwa kwa ajili ya watu wasiomwaga oili kwa wakati? Honda walitoa CG125 mwaka 1976 baada ya kuona jinsi pikipiki zinavyotumikishwa katika nchi zetu: mzigo mkubwa, vumbi, na matunzo ya kubahatisha. Badala ya mnyororo mwembamba wa kuendesha vali walirudi kwenye fimbo za chuma za mtindo wa zamani, ambazo husamehe mengi. Zinapiga kelele kidogo, lakini hazihitaji kurekebishwa mara kwa mara. Wachina waliinakili injini hiyo, wakainakili tena, na leo piston yake unaipata mahali ambapo huwezi kupata sukari.

Na hapo ndipo ilipo siri ya pesa kidogo. Usinunue pikipiki, nunua vipuri vyake. Yaani kabla ya kwenda kuiona, pita kwanza kwenye maduka ya vipuri ya Nyawera au Kadutu na uulize bei ya vitu vitano: seti ya mnyororo na sproketi, klachi, piston na ringi zake, viatu vya breki, na waya za kuongozea. Ukijibiwa mara tano bila muuzaji kwenda kuuliza jirani, umepata chapa ya kununua. Ukiambiwa «itatoka Kampala», rudi nyumbani. Kwa kipimo hicho TVS na Bajaj Boxer zinashinda, na si kwa sababu ni bora kuliko Yamaha.

Je, wajua kwamba Bajaj, kampuni iliyowapa Watanzania bajaji zao, iliwahi kutengeneza skuta za Vespa kwa leseni ya Piaggio? Na kwamba TVS ni herufi za mwanzo za jina la mwanzilishi, T. V. Sundram Iyengar, aliyeanza mwaka 1911 kule Madurai na biashara ya mabasi? Hayo hayatakusaidia kununua. Nimeyaweka kwa sababu ni mazuri.

Je, wajua kwamba Yamaha AG100, ile iliyojulikana sana kwa waganga na watu wa mashirika, ni pikipiki ya wafugaji wa Australia? Ndiyo maana ina vijiti vya kuegemea pande zote mbili, keria mbele na nyuma, na mnyororo wake umefunikwa wote usione tope. Shirika likiuza zake za zamani, kimbia ukaone. Ila ni injini ya mipigo miwili: ina tangi lake la oili pembeni, na likikauka bila wewe kujua, piston inashikana palepale.

Je, wajua kwamba herufi ya kwanza ya namba ya fremu inasema pikipiki ilizaliwa wapi? Namba kamili ina tarakimu na herufi 17, imegongwa kwenye shingo ya usukani. Ikianza na L ni China, J ni Japani. Za Bajaj huanza na MD2, za TVS na MD6. Zaidi ya hapo, namba hiyo haiwezi kamwe kuwa na herufi I, O wala Q, kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Ukiona O katikati, mtu ameigonga kwa nyundo yake mwenyewe. Pitisha kidole: chuma kilichopigwa msasa hujulikana hata chini ya rangi. Kisha isome ukiilinganisha na karte roze, yaani kadi ya usajili, herufi kwa herufi, na jina lililo juu ya kadi liwe la huyo anayepokea pesa, au awe na hati za mauziano tangu mwenye jina hadi kwake. Wengi hununua pikipiki iliyopita mikono minne huku kadi bado ina jina la wa kwanza, na wanaligundua siku wanaposimamishwa na polisi wa rulaji.

Kuhusu bima: tangu 1966 ilikuwa kampuni ya SONAS peke yake Kongo nzima. Sheria ya Machi 2015 ndiyo iliyofungulia kampuni nyingine mlango. Kwa hiyo uliza bei zaidi ya mahali pamoja.

Je, wajua kwamba kilomita zinazoonyeshwa kwenye pikipiki ndogo nyingi hazina maana? Mita huendeshwa na waya kutoka gurudumu la mbele. Ukiuchomoa, pikipiki inaweza kwenda Uvira na kurudi bila namba kusogea hata moja. Usisome mita, soma vitu vinavyolika: raba za kukanyagia, kanyagio la gia, ncha za mikono ya breki. Vikiwa vimelainika na kung'aa wakati mita inasema kilomita 9,000, mmoja wao anasema uongo.

Gusa injini kabla hujasema lolote. Ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha kabla hujafika, na kuna sababu. Mwambie kwa adabu utarudi kesho asubuhi.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe wa dakika mbili za kwanza asubuhi ni mvuke tu.

Je, wajua kwamba mnyororo hukaguliwa kwa vidole viwili? Uushike pale unapozunguka sproketi ya nyuma, katikati kabisa kwa nyuma, uuvute kuelekea kwako.
— Papa, mnyororo huu bado mzima?
— Iko bado nguvu, yaya.
Vuta. Ukiinuka hadi nusu ya jino ikaonekana, umekwisha, na sproketi zote mbili zimekwisha nao. Sasa unajua kiasi cha kupunguza kwenye bei. Halafu mwombe mtu ainue gurudumu la mbele, nawe zungusha usukani taratibu kulia na kushoto. Ukikwama kidogo pale katikati, beringi za shingo zimepigwa mashimo na barabara zetu. Si ghali, lakini zinatetemesha.

Je, wajua kwamba marekebisho bora kuliko yote ni ya bure? Chini ya springi za nyuma kuna pete yenye ngazi, kwa kawaida tano. Izungushe hadi ngazi ya juu ukibeba abiria, irudishe ukiwa peke yako. Watu hubadilisha shokapu nzima kwa sababu hawakuwahi kuigusa pete hiyo.

Ya pili kwa ubora inagharimu bei ya sproketi moja. Tuseme mbele kuna meno 14 na nyuma 42. Weka 13 mbele: mvuto unaongezeka karibu asilimia 8, mwendo wa juu unapungua karibu 7. Ni nusu ya kile ulichonyang'anywa na kimo, umeirudisha kwa kazi ya saa moja. Kupata kiasi hicho hicho kwa nyuma ungehitaji kutoka 42 hadi 45, maana jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma. Na usiogope kupoteza mwendo. Hapa mjini, kati ya Essence na Major Vangu, hakuna anayefika huo mwendo wa juu.

Je, wajua kwamba kuchonga silinda kwa milimita tano na nusu kunaweza kukupa cc 25? CG125 ina silinda yenye upana wa milimita 56.5 na piston inayotembea 49.5. Ipanue hadi 62, weka piston ya upana huo, na umepata cc 149. Ndivyo Wachina walivyopata 150 yao. Vijana wanalipenda sana jambo hili. Mimi silipendi kwa mtu wa pesa kidogo. Joto linaongezeka, klachi ni ile ile, breki ni zile zile za ngoma, na ukiteremka Ngomo kuelekea Kamanyola hakuna anayekuuliza una cc ngapi. Kama moyo unataka 150, tafuta 150 iliyotoka hivyo kiwandani.

Egzosi iliyotobolewa? Inaamsha watoto wa jirani, basi. Kelele haipandi mlima.

Je, wajua kwamba kutoa chujio la hewa ili «injini ipumue» ndiyo njia ya haraka ya kununua ringi mpya? Kuanzia Juni hadi Agosti vumbi jekundu la barabara za pembezoni linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kufanya kazi ya msasa. Chujio la sponji huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, hupakwa oili kidogo, hurudishwa. Nusu saa.

Na oili yenyewe: ndani ya pikipiki ya mipigo minne, takriban lita moja ile ile hulainisha injini, gia na klachi. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi bila msuguano ni sahani zinazoteleza. Tafuta kwenye chupa maandishi JASO MA. Ukiona JASO MB, hiyo ni ya skuta za mkanda, ambazo klachi yake haiogelei kwenye oili.

Je, wajua kwamba maji huzama chini ya petroli? Ni habari muhimu kwa mteja wa kadhafi, wale wauza petroli wa chupa na bidoni kando ya barabara. Pikipiki ikianza kukohoa muda mfupi baada ya kujaza, funga bomba la tangi, weka kifuniko cheupe chini ya kabureta, na ulegeze skrubu ndogo iliyo chini ya kikombe chake. Maji yatajitenga chini ya petroli, yanaonekana kwa macho. Mwaga, funga, endelea. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haijitengi hivyo; hiyo utaijua kwa moshi na kwa injini kugonga ikipanda.

Je, wajua kwamba tairi lina tarehe ya kuzaliwa? Tafuta namba nne ndani ya duara dogo ubavuni: 0823 ni wiki ya 8 ya mwaka 2023. Tairi «jipya» la miaka tisa limekuwa gumu, na kwenye lami yenye maji halishiki. Kwangu mimi dola ya kwanza ya marekebisho huenda kwenye matairi, ya pili kwenye viatu vya breki, ya tatu kwenye sproketi. Taa za rangi chini ya tangi zinakuja kama kitu kimebaki, na hakibaki.

Je, wajua kwamba gia uliyopandia kilima ndiyo ya kukiteremkia? Breki za ngoma zikikamatwa muda mrefu hupata joto na kupoteza nguvu, na zikiingia maji hupoteza pia. Acha injini ishike.

Je, wajua kwamba ng'ambo, Kigali, tangu Januari 2025 hawasajili tena pikipiki mpya za petroli kwa kazi ya kubeba abiria? Za umeme zilianza kubeba watu huko mwaka 2019, na kampuni ya Ampersand ikaweka vituo ambako betri iliyokwisha hubadilishwa badala ya kuchajiwa huku mtu akisubiri. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo ile asilimia 15 ya mwanzoni haiihusu. Mlimani ni ile ile iliyokuwa baharini. Sisi tunakaa karibu na mabwawa ya Ruzizi, la kwanza lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili la mwaka 1989, lakini anayejua ni saa ngapi umeme utarudi nyumbani kwake anyooshe mkono.

Je, wajua kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69? Ni matokeo ya tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja. Ile iliyowahi kugonga barabara haifai tena hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani hubonyea mara moja tu. Itoe bei yake kwenye bajeti kabla hujahesabu pesa za pikipiki.

Na je, wajua kwamba dili nyingi hufia kwenye noti? Dola yenye mpasuko usiozidi upana wa ukucha hukataliwa huku bila majadiliano, na muuzaji aliyekwisha kukubali bei atazigeuza zote moja moja akiziinua kwenye mwanga. Fanya kazi hiyo wewe kwanza, nyumbani, mchana.